Viatu vya magurudumu si vya kuendea dukani

HUENDA umemwona. Ni mtoto wa miaka minane au tisa hivi, amevaa viatu ambavyo ukivitazama kwa juu huwezi kuvitofautisha na raba za kawaida. Anatembea kando ya mamake kama watoto wengine, kisha ghafla anainua vidole vya miguu, anaegemea nyuma kidogo, na mara anateleza katikati ya watu bila kupiga hatua hata moja. Watu wanampisha. Wengine wanatabasamu.

Mimi pia nilikuwa nikitabasamu, hadi Desemba mwaka jana.

Nilikuwa kwenye foleni ya kulipia katika supamaketi moja jijini Nairobi, juma moja kabla ya Krismasi, wakati ambapo inaonekana kila mtu amekumbuka unga, mchele na mafuta siku hiyo hiyo. Mbele yangu alisimama mama mmoja mzee aliyekuwa amekuja kutoka mashambani kuwatembelea wanawe. Bintiye alikuwa amemwacha hapo na toroli ili akachukue mkate aliousahau. Mtoto alitokea kwenye pembe ya rafu za sabuni. Sidhani kama alimwona mama huyo, na hata kama alimwona hakuwa na namna ya kusimama. Alimgonga ubavuni. Wote wawili wakaanguka. Mtoto aliinuka, akajipangusa magoti. Mama mzee hakuinuka.

Mamake mtoto alikuja mbio, na maneno yake nayakumbuka mpaka leo: "Pole sana shosho, ni mtoto tu." Hakuwa mtu mbaya. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Vijana wawili wakajitolea kumwinua mama mzee ili wamketishe kwenye kiti, lakini mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni, muuguzi kwa kazi yake, akawazuia. "Mwacheni hapo hapo. Shosho, usijaribu kusimama." Alituonyesha mguu wa kulia. Ulionekana mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo ulikuwa umeelekea upande wa nje. Hiyo, alitueleza baadaye, aghalabu ndiyo dalili ya mfupa wa paja uliovunjika karibu na nyonga, na kumsimamisha mtu wa namna hiyo ni kumwongezea maumivu na madhara.

Mpendwa msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikivitazama viatu hivi kwa jicho jingine. Nimevitafutia habari na nimewauliza wanaojua. Hata nilivijaribu jozi moja ya mpwa wangu, nikiwa nimeshikilia mlango wa jikoni kwa mikono yote miwili. (Usinicheke. Vinanitosha, kwa kuwa miguu yangu ni midogo na yake inakua haraka.) Na nimefikia maoni kwamba kosa haliko kwenye viatu vyenyewe. Kosa ni mahali tunapowaruhusu watoto kuvitumia, na kosa hilo ni letu sisi watu wazima.

Hebu tutazame jinsi vinavyofanya kazi. Ndani ya kisigino mna tundu, na ndani ya tundu mna gurudumu moja. Viatu vingine vina mawili, na vingine vina kibonyezo cha kulitokeza gurudumu na kulirudisha. Mtoto akikanyagia vidole, anatembea kama kawaida. Akiinua vidole na kuutanguliza mguu mmoja mbele ya mwingine, anateleza. Kusimama ndiko kwenye kazi. Kiatu hiki hakina breki kama ya baiskeli. Mvaaji hana budi kuinua vidole zaidi ili mpira wa nyuma ya kisigino ukwaruze sakafu, au arudi kwenye vidole na kukimbia hatua mbili tatu mpaka mwendo uishe. Njia zote mbili zahitaji nafasi mbele yake. Isitoshe, zahitaji mazoezi ambayo wengi hawana.

Mtoto akiteleza kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao si mkubwa kwenye vigae vilivyopigwa deki, anakwenda karibu mita tatu kila sekunde. Nafasi iliyopo kati ya rafu mbili za supamaketi ni kama mita mbili hivi, na nusu yake imechukuliwa na toroli za watu. Fanya hesabu mwenyewe.

Na jambo hili la kushindwa kusimama mbele ya watu si geni. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 18 fundi mmoja aliyeishi London, John Joseph Merlin, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alijitengenezea viatu vya magurudumu akaingia navyo katika karamu kubwa huku akipiga fidla. Watu walistaajabu. Lakini hakuwa amebuni namna ya kusimama wala ya kukata kona, akaparamia kioo kikubwa cha thamani, akakivunja, akaivunja fidla na kujijeruhi vibaya. Alikuwa na bahati kwamba aliyekuwa mbele yake ni kioo, wala si mama mzee.

Hivi vya leo, vyenye gurudumu ndani ya kisigino, vilibuniwa na Mmarekani Roger Adams, ambaye wazazi wake walikuwa na ukumbi wa kutelezea, na vikaanza kuuzwa mwaka wa 2000. Kufikia mwaka wa 2006 vilikuwa vimewapagawisha watoto wa Marekani na Ulaya. Mwaka huo huo ndipo madaktari walipoanza kuhesabu majeruhi. Katika hospitali moja ya watoto mjini Dublin, Ireland, watoto 67 walitibiwa kwa muda wa majuma 10 tu ya kiangazi cha 2006 kwa sababu ya viatu vya aina hii. Wengi waliumia mikono, na wengi walikuwa wageni wa viatu hivyo, baadhi yao wakiwa wamevivaa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nchini Marekani, tume inayosimamia usalama wa bidhaa ilikadiria kwamba viatu hivyo viliwapeleka watu wapatao 1,600 katika vyumba vya dharura mwaka wa 2006. Shule nyingi na majumba ya maduka huko yalivipiga marufuku.

Kwetu vimekuja polepole, kwanza kama zawadi za wajomba na mashangazi walio ng'ambo, kisha madukani, na sasa utavikuta hata kwenye marundo ya mitumba. Hapa ndipo pana tatizo ambalo wenzetu wa Dublin huenda hawakuwa nalo. Jozi ya mtumba haina sanduku wala karatasi ya maelezo. Mara nyingi haina kile kifaa kidogo cha kutolea magurudumu, wala vizibo vya kuziba matundu baada ya kuyatoa. Kwa hiyo mzazi hajui hata kwamba magurudumu hutoka. Naam, hutoka! Kwa viatu vingi vya aina hii, ni kazi ya dakika moja.

Sasa tuje kwa mwili wa mtoto. Anayeteleza kwa kisigino ameuweka uzito wake wote nyuma, kwa hiyo akianguka aghalabu huanguka kinyumenyume, na kila binadamu anayeanguka hivyo hunyoosha mikono ajizuie. Pigo lote huishia kwenye kifundo cha mkono au kisugudi. Akichelewa kunyoosha mikono, huangukia matako, au kisogo.

Kifundo cha mkono kikivunjika, habari si mbaya sana. Mifupa ya watoto ni milaini kiasi, mara nyingi hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi, na ikitiwa plasta vizuri huunga kwa majuma machache. Hata hivyo, karibu na ncha ya mfupa wa mtoto pana sehemu laini ambayo ndiyo mfupa hukulia. Sehemu hiyo ikiumia na isitibiwe ipasavyo, mkono waweza kukua ukiwa mfupi au umepinda. Ndiyo maana mtoto ambaye kifundo chake kimevimba baada ya kuanguka apelekwe akapigwe picha ya eksirei, hata kama anaweza kuchezesha vidole. Kuchezesha vidole si ushahidi kwamba mfupa ni mzima.

Kisugudi ndicho cha kuogopwa. Mfupa wa juu ya kisugudi huvunjika sana kwa watoto wa umri wa miaka mitano hadi saba, na hapo hapo hupita mshipa mkubwa wa damu na neva za kwenda kiganjani. Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, au mtoto akilia kwa uchungu mkali ukijaribu kuvinyoosha, basi hiyo ni dharura ya saa hiyo, si ya kesho asubuhi. Hali ni ile ile hata kama ameshatiwa plasta. Plasta iliyobana lazima ilegezwe, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama muuguzi wa zamu atanung'unika.

Kwa sababu hiyo naomba ruhusa nisema jambo ambalo halitawapendeza baadhi ya wasomaji. Mkono wa mtoto uliovunjika usipelekwe kukandwa. Najua wapo waunga mifupa wa kienyeji wanaoheshimiwa, na babu yangu mwenyewe aliungwa mguu na mmoja wao. Lakini mafuta ya moto na kukandwa huzidisha uvimbe, na vijiti vilivyofungwa kwa kukazwa huweza kuizuia damu mpaka nyama ya mkono ife. Madaktari wa mifupa katika nchi kadhaa za Afrika wameeleza juu ya watoto waliokatwa mikono, si kwa sababu ya kuvunjika, bali kwa sababu ya kufungwa.

Ukiwa pale pale alipoangukia, fanya haya. Usijaribu kuunyoosha mkono. Uegemeze kwenye gazeti nene lililokunjwa (hata hili litafaa ukishalisoma), ufunge kwa leso na kuuning'iniza shingoni. Mvue bangili, saa na pete kabla vidole havijavimba. Usimpe chakula wala chai mpaka aonwe na daktari, kwa maana akihitaji kulazwa usingizi kwa ajili ya kunyooshewa mfupa, tumbo lililojaa litachelewesha matibabu. Na kama amegonga kichwa, mchunge. Akitapika tena na tena, akisinzia kuliko kawaida, akichanganyikiwa, akipatwa na degedege, au akitokwa na maji au damu masikioni au puani, mkimbize hospitalini. Usiseme, "Mwacheni alale, amechoka."

Kofia ngumu ya baiskeli, vikinga vya vifundo vya mikono, vya visugudi na vya magoti, vyote hivi vinashauriwa na madaktari wa mifupa. Lakini hebu niulize: umewahi kumwona mtoto aliyevaa kofia ngumu ndani ya supamaketi? Mimi sijamwona. Kiatu hiki kinajifanya kuwa kiatu tu, na hapo ndipo kinapotudanganya. Hakuna mzazi ambaye angemruhusu mwanawe aendeshe baiskeli kati ya rafu za unga na za maziwa. Bawabu wa mlangoni angemzuia kabla hajavuka kizingiti. Lakini magurudumu yakifichwa kisiginoni, bawabu yule yule anayepekua mikoba ya kina mama anayapisha yapite.

Tena si supamaketi tu. Nimewaona watoto hawa kwenye vituo vya matatu, ambako kokoto moja ndogo hutosha kulizuia gurudumu na kumtupa mtoto nyuma ya gari linalorudi kinyumenyume. Nimewaona nje ya kanisa watu wakitoka ibadani. Na mara moja, sikuamini macho yangu, nilimwona mmoja katika ujia wa hospitali, akiwapita wagonjwa wanaotembelea mikongojo.

"Ni mtoto tu." Waama, ni mtoto, na ndiyo sababu mimi simlaumu yeye. Mtoto wa miaka minane bado hajajua kukadiria mwendo wake wala mwendo wa mwingine. Hufikiri kwamba maadamu yeye anamwona mtu, basi mtu huyo naye anamwona. Hayo huja na umri. Kwa hiyo anayepaswa kukadiria kwa niaba yake ni yule aliyevinunua viatu.

Pia tufikirie huyo anayegongwa. Mtoto alichagua kuteleza. Mama mzee alichagua kununua sukari. Mifupa ya wanawake, hasa baada ya kukoma hedhi, hupungua nguvu kidogo kidogo mpaka inakuwa kama mbao iliyoliwa na mchwa: kwa nje ni nzima, kwa ndani ina matundu. Mtoto wa kilo 30 hahitaji kumgonga kwa nguvu. Kumsukuma tu kwatosha, sakafu itamaliza kazi. Nyonga ikivunjika, karibu kila mara huhitaji upasuaji, na madaktari hushauri ufanywe mapema, ikiwezekana kabla ya siku mbili kwisha. Kila siku anayolala bila kuinuka inamkaribisha kwenye hatari ya damu kuganda mishipani, vidonda vya kulalia na nimonia. Wapo wazee wengi ambao hawakuuawa na kuanguka, bali na kitanda kilichofuata. Mwanamke mjamzito naye asisahauliwe. Akigongwa au akiangukia tumbo, yafaa aonwe na daktari siku hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa michezo. Watoto wetu wanakaa mbele ya runinga na simu kupita kiasi, na mtoto anayeteleza juani kwa saa moja anaimarisha miguu, mapafu na akili ya kujisawazisha. Kwa miaka mingi vijana wa Nairobi wamekuwa wakikutana Jumapili katika Sunken Car Park, katikati ya jiji, kuteleza na kufundishana, mahali ambapo magari hayapo na kila aliyepo anajua kilichomleta. Huko ndiko magurudumu yanakopaswa kuwa.

Shida, na hili nalisema kwa uchungu, ni kwamba mitaa mingi haina pa namna hiyo. Wengi wetu tuliokulia mjini tunakumbuka viwanja ambavyo leo ni maghorofa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, vikiwemo viwanja vya michezo. Mtoto aliyenyang'anywa uwanja akipata sakafu laini na pana, hata kama ni ya duka, ataifanya uwanja. Je, tumlaumu? Lakini wakati tunapozidai serikali za kaunti viwanja vyetu, mama mzee kwenye foleni hawezi kungojea.

Kwa hivyo wewe mzazi, ukinunua viatu hivi uliza kifaa cha kutolea magurudumu kiko wapi, na kama hakipo, usinunue. Yatoe magurudumu kabla ya kuondoka nyumbani, si baada ya kufika, kwa sababu ukifika utakuwa na haraka. Majuma ya kwanza mtoto afunzwe kwenye uwanja mtupu wa simiti, nawe ukiwa umemshika mkono. Kwa viatu vya kibonyezo, ambavyo gurudumu lake halitoki, avae vingine siku ya kwenda sokoni. Atalia. Atanyamaza.

Nanyi wenye maduka, bandikeni tangazo mlangoni na mumwelekeze bawabu atazame visigino kama anavyotazama mikoba. Sheria ya nchi hii inayohusu wenye majengo inawataka wachukue hadhari inayofaa kwa usalama wa wanaoingia humo, na sidhani hakimu atatosheka na jibu la "ni mtoto tu." Mwajiri wa bawabu asimwache peke yake abishane na mzazi mwenye toroli iliyojaa. Tangazo likiwapo, bawabu atalinyoshea kidole tu.

Juzi nilimpigia simu bintiye yule mama mzee. Mamake alifanyiwa upasuaji siku ya tano, baada ya familia kuhangaika kutafuta pesa, na ng'ombe wawili wakauzwa. Mamake yule mtoto alisaidia kulipa sehemu ya gharama, na bado humpigia kumjulia hali. Shosho sasa anatembea kwa mkongojo mpaka mlangoni na kurudi. Bintiye alitaka kumleta Nairobi Pasaka ili aonwe tena na daktari, akakubali, kwa sharti moja: asipelekwe dukani.